Tumepewa Huduma, Tumenyimwa Usemi

Hii ndiyo hotuba niliyoitoa katika mkutano wa wakazi mjini Kisumu, mbele ya walimu, wafanyabiashara wa soko, wahudumu wa boda boda, wakulima waliotoka Muhoroni na Ahero, na wanafunzi. Wengi mliokosa kufika mliomba maandishi yake. Nimeiacha kama nilivyoisema.

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kuwa viti vimejaa: hamjambo? Hamjambo tena?

Nashukuru. Nimeombwa nizungumze kuhusu uliberali wa kijamii na uhusiano wake na siasa. Najua wapo waliokuja wakitarajia nizungumzie ndoa, mavazi ya vijana na mambo ya faragha ya watu. Huko sitakaa. Nimemwona mwanasiasa aliyeshindwa kueleza pesa za barabara zilikokwenda akirukia suala la maadili, umati ukapandwa na hasira, na barabara ikasahaulika. Leo nataka tukae kwenye barabara.

Ninapotaja uliberali wa kijamii nina maana hii: ile fikra kwamba kila mtu ni huru na ana haki zake, lakini mwenye njaa na mgonjwa hawezi kuutumia uhuru huo, kwa hiyo serikali imsaidie. Imsomeshee mtoto, imtibu, impe pensheni akizeeka. Soko libaki soko, mwenye mali abaki na mali yake, lakini anayeumizwa na mpango huo apewe nafuu.

Nani atapinga hilo? Nani hapa hataki mama yake atibiwe? Nani hapa hataki mtoto wa jirani asome? Mimi nataka, na ninataka sana. Huduma sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni huu: kila mara fikra hii ilipotufikia sisi watu wa pande hizi za ziwa, ilikuja na huduma na ikaondoka na usemi wetu. Ilitubadilishia swali. Sisi tuliuliza, "Nani anaamua?" Yenyewe ikatujibu, "Semeni mna shida gani." Ukizoea kujibu hilo la pili, unasahau kwamba uliwahi kuuliza la kwanza.

Twendeni London kwanza, mwaka wa 1908. Chama cha Liberal kilikuwa madarakani Uingereza tangu mwisho wa 1905. Mwanafalsafa T. H. Green alikuwa amekwisha kufundisha kwamba uhuru hauishii kwenye kuachwa bila kuingiliwa, kwamba mtu huru ni yule mwenye uwezo wa kutenda lenye thamani, na kwamba serikali ina wajibu wa kumwondolea vizuizi. Mwandishi L. T. Hobhouse akaipanua hoja hiyo. Wanasiasa wakaifanya sheria. Mwaka huo wa 1908 Bunge lao likapitisha pensheni: mzee maskini aliyefikisha miaka 70 alipwe hadi shilingi 5 kwa wiki kutoka hazina ya serikali. Mwaka wa 1911 ikafuata bima ya taifa, mfanyakazi akikatwa peni 4 kwa wiki, mwajiri akilipa peni 3 na serikali ikiongeza 2. Ukitazama hati yako ya mshahara leo na makato yake ya bima ya afya, mpango wenyewe ni uleule.

Sasa vukeni bahari. Mwaka uleule wa 1908, serikali ileile, huku kwetu Kisii. Mwezi wa Januari kijana wa Kigusii aitwaye Otenyo alimchoma mkuki ofisa wa Kiingereza, Northcote, akiwa amechochewa na Moraa, yule mtabiri ambaye jina lake bado linatajwa Gusii kwa heshima. Northcote alipona. Jibu la serikali likawa kikosi cha askari: nyumba zikachomwa, ng'ombe wakatekwa, watu wakauawa kwa wingi. Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni, na ambaye mwishoni mwa 1907 alikuwa amepita hapahapa Kisumu akielekea Uganda, aliandika akihoji kama kweli kulikuwa na haja ya kuendelea kuwaua watu wasio na kinga kwa kiasi kile. Alihoji. Kisha mwaka huohuo akapandishwa kuwa waziri wa biashara, akawa mmoja wa watu waliosukuma mageuzi ya kijamii nchini mwao.

Na 1911, mwaka wa ile bima? Mwaka huo ndio mkataba wa pili wa Wamaasai ulipotiwa sahihi, wakaondolewa Laikipia na kusukumwa kusini pamoja na mifugo na wazee wao, ili walowezi wapate malisho. Ndugu zangu kutoka Nakuru, nchi hiyo mnaijua, iko jirani yenu.

1908: pensheni kule, moto huku. 1911: bima kule, kuhamishwa huku. Serikali ni moja. Hawa walikuwa watu gani? Wengine watasema walikuwa wanafiki, na tukisema hivyo tutakuwa tumemaliza kazi mapema mno. Wengi wao waliamini walichokisema. Walimhurumia mzee wa Manchester kwa dhati. Kasoro imo ndani ya fikra yenyewe. Uliberali wa kijamii ni hodari wa kumhesabia mtu haki zake akishatambuliwa kuwa mwenzetu. Nani mwenzetu na nani si mwenzetu, nani anamiliki ardhi na nani atahamishwa, hayo hauyashiki. Hayo huamuliwa kwa nguvu, kabla ya daftari la haki kufunguliwa. Nani anaamua? Hapo hukaa kimya.

Haya, sasa turudi nyumbani kabisa, kwa sababu historia ya pili ni yetu na hatuwafundishi watoto wetu ipasavyo.

Desemba 1921, Lundha, kule Gem. Mwaka mmoja nyuma, nchi hii ilikuwa imegeuzwa kutoka himaya ikawa koloni, na watu walikuwa na hofu kuhusu ardhi yao. Kodi ya kichwa na ya nyumba ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16. Wanaume walikuwa wakitembea na kipande shingoni, kile kitambulisho cha kazi walicholazimishwa kubeba. Kulikuwa na kambi za kazi ambako watu walikusanywa kabla ya kupelekwa kwa waajiri. Basi wasomi wa misheni, wengi wao waliopitia Maseno, wakaitisha mkutano. Umati mkubwa ukafika. Chama kikaundwa, Jonathan Okwiri akawa mwenyekiti, pamoja naye akina Benjamin Owuor na Simeon Nyende. Kwa jina la ofisi kilikuwa chama cha vijana wa Kavirondo, jina la kikoloni la pande hizi za ziwa. Wazee wetu walikiita Piny Owacho, yaani nchi imesema.

Sikilizeni walichodai. Walitaka hati za ardhi. Walitaka hadhi ya koloni ifutwe. Walitaka kipande kiondolewe, kodi ipunguzwe, kambi zifungwe. Walitaka Nyanza iwe na baraza lake la kutunga sheria. Mnaona uzito wake? Mwaka wa 1921! Miongoni mwao hakuna aliyesema, "Bwana mkubwa, tusaidie." Walisema: sisi tuamue.

Gavana Northey akaja mwenyewe mwaka wa 1922, akakutana nao Nyahera, hapo nyuma ya mji huu. Kodi ilipunguzwa hadi shilingi 12. Kambi za kazi zikafungwa. Je, hati za ardhi? Hawakupata. Je, baraza la kutunga sheria? Hawakupata. Kile kinachopunguza maumivu kilitolewa. Kile kinachohamisha uamuzi kikabaki kwa Gavana.

Lakini hofu ilikuwa imeingia serikalini. Machi 1922 Harry Thuku, aliyekuwa akipinga kodi na kipande kule Nairobi, alikuwa amekamatwa, na watu waliokusanyika kudai aachiliwe wakapigwa risasi mjini Nairobi. Viongozi wa Piny Owacho wakaona kilichompata Thuku. Hapo ndipo akaingia mtu mwema, Archdeacon Owen wa CMS, wamisheni wa Kianglikana.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Owen alikuwa mtu mwema. Aliandika barua kwenye magazeti ya Uingereza akifichua kazi za kulazimishwa, wanawake na watoto wakiwemo. Walowezi walimchukia. Laiti maofisa wote wangekuwa kama yeye. Mwaka wa 1923 aliwashawishi viongozi wale wakibadili chama chao, kikawa cha ustawi wa walipa kodi, na yeye mwenyewe akawa rais wake. Maofisa wa utawala nao wakapewa vyeo ndani yake. Na wanachama sasa wakawa na ajenda mpya: chimba choo, ua panya, panda miti, lala kitandani, safisha vyombo, acha ulevi.

Je, choo ni kitu kibaya? Hapana. Panya walileta tauni, na kuwaua kuliokoa watu. Choo kilipunguza magonjwa ya tumbo, na ningependa kila boma liwe nacho hata leo. Lakini tazameni kilichotokea. Miaka miwili baada ya Lundha, watu waliokuwa wakidai baraza la kutunga sheria walikuwa wakikaguliwa vyoo. Hakuna aliyepigwa risasi. Hakuna aliyefungwa. Siasa ilitolewa ndani ya chama kwa upole, kwa sala, kwa nia njema, na mahali pake pakawekwa ustawi.

Nimefundisha historia darasani, na siku zote nimesema tukio hili ndilo linaloeleza uliberali wa kijamii kuliko kitabu chochote. Mtawala mkali hukunyang'anya siasa, nawe unajua umenyang'anywa. Mwema hukupa kazi nyingine ya kufanya.

Na wema ule ulipopimwa, ulizaa nini? Mwaka wa 1930 serikali ilitunga sheria ikiahidi kwamba ardhi ya maeneo ya Waafrika itakuwa yao milele, na kipande chochote kikichukuliwa, kitalipwa kwa ardhi nyingine. Mwaka wa 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega. Wachimbaji wa kizungu wakamiminika. Mwaka wa 1932, kabla sheria ile haijazeeka hata kidogo, ikarekebishwa: ardhi inaweza kuchukuliwa kwa ajili ya uchimbaji, na mwenyewe alipwe pesa. Owen alipiga kelele. Aliandika. Alipinga kwa nguvu zake zote, na alishindwa, kwa sababu chama alichokuwa nacho kilikuwa kimefunzwa kuandika malalamiko. Kusimama na kukataa hakikufunzwa. Katika miaka hiyohiyo ya 1930 vijana wa Kiluhya waliunda chama chao wenyewe cha North Kavirondo na kurudi kwenye swali la Lundha. Nani anaamua? Ndugu zetu wa Kakamega, Vihiga na Bungoma, urithi huo ni wenu, msiuache kwenye makabati ya maktaba.

Mzee mmoja hapo mbele anatikisa kichwa, nadhani anataka kuniambia ni ukoloni, na ukoloni umekwisha. Haya mzee wangu, tuje kwenye uhuru.

Mwaka wa 1965 serikali ya Kenya ilitoa Waraka wa Kikao Nambari 10, kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Waziri wa mipango alikuwa Tom Mboya, mwana wa ziwa hili, na kichwa chake kilikuwa chepesi kweli. Waraka ule una maneno mazuri: usawa, haki za kijamii, vita dhidi ya umaskini, ujinga na maradhi. Ukiusoma leo bila jina la ujamaa, utaona ni uliberali wa kijamii safi. Mali binafsi ibaki, mtaji wa kigeni ukaribishwe, halafu serikali igawe huduma kadiri uchumi unavyokua. Na ndani yake mna maelezo kwamba pesa za maendeleo ziwekwe mahali zitakapozalisha zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme, penye watu waliochangamkia maendeleo. Penye barabara tayari! Asiye na barabara angojee.

Hilo lingeweza kujadiliwa, na wapo waliolijadili. Mchumi kijana kutoka Alego, Barack Obama, baba yake yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliukosoa waraka huo hadharani mwaka uleule, akiuliza kuhusu umiliki na kuhusu mali kujikusanya mikononi mwa wachache. Lakini katika utangulizi wa waraka, Mzee Kenyatta alikuwa ameeleza kwamba umekusudiwa kumaliza mabishano ya kinadharia yaliyokuwa yakiendelea. Kumaliza mabishano! Waraka wa kugawa huduma ukawa amri ya kufunga mdomo. Februari ya mwaka ule Pio Gama Pinto, mbunge wa mrengo wa kushoto, alikuwa ameuawa. Aprili 1966 Jaramogi Oginga Odinga akajiuzulu umakamu wa rais, yeye na Bildad Kaggia wakaingia chama kipya cha upinzani, KPU, na Kaggia alikuwa akiuliza swali moja tu, la ardhi ya watu waliopigania ardhi.

Mwisho wake mnaujua, kwa kuwa ulifika hapa mjini. Tarehe 25 Oktoba 1969. Hospitali mpya, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile tunayoiita Russia hadi leo. Rais amekuja kuifungua. Kuna huduma gani nzuri kuliko hospitali? Watu wakapaza sauti za siasa, maneno makali yakarushiana jukwaani kati ya Kenyatta na Odinga, na risasi zikafyatuliwa kwenye umati. Watu wakafa siku ya kufungua hospitali. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini. Hospitali ilibaki, imetibu mamia ya maelfu, na leo inaitwa kwa jina lake. Chama hakikubaki. Kwa zaidi ya miaka 20 baadaye nchi hii haikuwa na chama cha upinzani kilichoshindana kwenye uchaguzi.

Najua si Waingereza tena waliofanya hivyo. Wala sisemi Mboya alitaka damu. Yeye mwenyewe alikuwa ameuawa kwa risasi mwezi wa Julai mwaka huohuo. Nasema fikra ya kwamba maendeleo ni ugavi wa huduma, na kwamba ubishi unachelewesha ugavi, ilimpa mtawala lugha nzuri ya kuzima siasa.

Ndugu zangu, sasa tuna Katiba ya 2010. Niliipigia kura na nitaipigia tena. Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya afya, makazi, chakula, maji safi, elimu na hifadhi ya jamii. Si katiba nyingi duniani zinazosema wazi hivyo. Mahakama zimefanya kazi. Mwaka wa 2012 Mahakama Kuu iliwasikiliza watu waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, ikazuia sheria ya bidhaa bandia isitumike kuwanyima dawa za bei nafuu. Hapa Nyanza, tuliozika vijana wetu mfululizo, hukumu hiyo ilikuwa uhai.

Lakini msikilizeni pia mkazi wa Mitumba, kijiji kilichokuwa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Nyumba zao zilibomolewa Novemba 2011. Walikwenda mahakamani. Walishinda, wakashindwa kwenye rufaa, wakafika Mahakama ya Juu. Uamuzi ukatoka Januari 2021, ukasifiwa kila mahali kuwa ushindi wa haki ya makazi, na kesi ikarudishwa Mahakama Kuu ili nafuu yao iamuliwe. Zaidi ya miaka tisa! Mtoto aliyezaliwa wiki ile nyumba zinabomolewa alikuwa ameshafika darasa la tatu. Wameshinda hoja, na nyumba hawana.

Kwa nini? Kwa sababu Katiba yenyewe inasema haki hizi zitatimizwa hatua kwa hatua, kulingana na rasilimali zilizopo. Na rasilimali zilizopo huamuliwa na nani? Na Bunge, na bunge la kaunti, na hazina, na wanaotukopesha. Ukimpa jaji swali la haki, atalifikisha mpaka kwenye mlango wa bajeti, na pale lazima asimame. Mlango huo haufunguliwi kwa kesi. Hufunguliwa na watu waliojipanga.

Na wanasiasa wetu wamejifunza lugha hii upesi kuliko sisi. Hazina ya maeneobunge ilianza 2003. Mahakama ya Juu ilisema mwaka wa 2022 kwamba sheria yake ya 2013 ilikiuka Katiba, kwa kuwa mbunge kazi yake ni kutunga sheria na kusimamia serikali. Mbunge hasimamii serikali akiwa yeye mwenyewe ni mgavi. Na sisi je? Mama anabeba fomu ya basari kutoka ofisi hii hadi ile. Chifu atie muhuri. Mwalimu mkuu atie muhuri. Anasubiri nje tangu asubuhi. Akipata shilingi elfu chache, anashukuru, na siku ya kura anakumbuka. Mama huyo ana haki ya elimu ya mtoto wake kwenye Kifungu cha 43. Nani amemfanya aishukuru haki yake? Nani amemfanya akae nje ya ofisi akiogopa kuuliza bajeti, asije akakosa jina lake kwenye orodha?

Mzee wa miaka 70 analipwa shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee na wasiojiweza, na mara nyingi zinachelewa. Tangu Oktoba 2024 mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 kwa bima ya afya ya jamii. Mama mboga yeye anaulizwa maswali kuhusu nyumba yake, paa lake, mali yake, halafu mfumo unakadiria alipe kiasi gani, angalau shilingi 300 kwa mwezi. Je, aliitwa wapi kusema maswali yenyewe yawe yapi? Ameulizwa kila kitu kuhusu umaskini wake. Kuhusu sheria hajaulizwa hata moja.

Niseme jambo ambalo pengine halitawapendeza baadhi ya wenzangu wasomi. Miaka kadhaa iliyopita shirika la Kimarekani la GiveDirectly, ambalo limegawa pesa taslimu kwa familia nyingi sana Siaya, lilipofika Homa Bay lilikuta watu wengi wakikataa. Pesa za bure, wakakataa! Uvumi wa ushetani ulienea, na wengi tuliwacheka. Mimi siwacheki. Uvumi ulikuwa uongo, ndiyo, na familia zilizopokea pesa Siaya zilizitumia vizuri, mabati na mifugo tunaviona. Lakini chini ya uvumi ule palikuwa na swali halali kabisa: nyinyi ni nani, kwa nini sisi, na nani aliwaruhusu kuamua? Raia ana haki ya kuliuliza hata mbele ya mtu anayempa pesa.

Kuhusu miwa nitasema kwa ufupi, wakulima watajazia. Kiwanda cha Mumias kilipoingia mikononi mwa mrasimu, yaani msimamizi aliyewekwa na benki iliyokidai, mwaka wa 2019, mkulima aliyekuwa amekilisha miwa maisha yake yote hakuwa na sauti. Mwaka wa 2025 viwanda vinne vya serikali, Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, vikakodishwa kwa kampuni binafsi kwa miaka 30. Wakulima waliahidiwa nini? Kulipwa kwa wakati. Ni ahadi nzuri. Ni jibu la "mna shida gani". Miaka 30 ni umri wa mtu kuzaliwa, kuoa na kuzaa, na mkataba wenyewe ni wangapi hapa wameuona? Inueni mikono. Naona mikono miwili.

Tumewahi kufanya vingine. Mwaka wa 1947 Jaramogi, mwalimu aliyeacha kazi, alikuwa akizunguka akiuza hisa za Luo Thrift and Trading Corporation, watu wa kawaida wakichanga ili wajenge chao. Wakajenga Ramogi House hapa mjini, wakaendesha kiwanda cha kupiga chapa. Halikuwa shirika la malaika, na biashara zake kadhaa zilisuasua. Lakini mwenye hisa alikuja kwenye mkutano akauliza hesabu, na aliyezoea kuuliza hesabu za shirika hakuchelewa kuuliza hesabu za serikali. Vyama vya akina mama hapa vinafanya hivyo kila wiki. Kwenye chama, mweka hazina akikosa kueleza shilingi 50, hatalala. Kwa nini bajeti ya kaunti tunaiachia?

Na nyinyi vijana mliosimama nyuma. Juni 2024 mlifanya jambo ambalo sisi walimu wa historia tulikuwa tumekata tamaa ya kuliona. Mliuchukua Mswada wa Fedha, mkausoma kifungu kwa kifungu, mkaufasiri kwa Kiswahili, kwa Dholuo, kwa Kikuyu, mkaueleza kwenye simu kwa mama zenu. Hamkusema "tusaidieni". Mliuliza kodi inakwenda wapi, deni alikopa nani, aliyepiga kura ya ndiyo ni nani na anaishi wapi. Wenzenu wakauawa tarehe 25 na siku nyingine, na mswada ukaondolewa. Halafu zikaanza semina. Zikaanza fedha za vijana, mafunzo ya ujasiriamali, vikao vya mazungumzo hotelini. Nawaambia kwa upendo: someni tena habari za Lundha na za 1923. Chukueni mafunzo kama yanafaa. Chimbeni choo, uweni panya. Lakini msikubali ajenda ya chama chenu iandikwe na anayewalipia chakula cha mchana.

Tarehe ziko kwenye sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, si siri. Kaunti hutakiwa kuwasilisha mkakati wake wa fedha bungeni mwao kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti hufikishwa huko kufikia tarehe 30 Aprili. Kufikia tarehe 30 Juni yawe yameidhinishwa. Katikati ya tarehe hizo kuna vikao vya ushirikishaji wa umma, na mara nyingi hujazwa na watu wachache walioletwa kwa gari na kupewa nauli. Wekeni watu wenu humo. Mtaa wa Nyalenda uchague wake, Obunga wake, Manyatta wake, Kondele wake, na waliochaguliwa warudi mtaani kueleza kilichosemwa na nani alikisema. Wakulima, dai lenu la kwanza liwe nakala ya mkataba, kabla ya bei. Walimu, nitawapa orodha ya nyaraka zote nilizozitaja, nimeziweka nakala na mwenyekiti hapa.

Nimesema vya kutosha na kipaza sauti kiko pale kwenye kijia cha kati. Mama aliyeinua mkono nilipotaja mkataba wa kiwanda, wewe umeuona na sisi hatujauona. Tafadhali anza wewe, utuambie una nini ndani yake.